Singe Namba Nne ya Papa Banza

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka majani ambayo serikali ya chama kimoja ilitupangia raia wote. Wenzangu walikuwa nje ya karakana ya kampuni ya migodi pale mtaani Panda, wameinama na mafagio yao. Mimi nilikuwa ndani peke yangu, mlango nimeurudishia, tupa mkononi, nakwangua chuma huku napiga mluzi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na nilidhani najitafutia mke. Kumbe nilikuwa namfukuza.

Nimekuita leo, kabla nyumba haijajaa wajomba na mashangazi wa harusi yako, kwa sababu Jumapili ulipomleta mchumba wako kula hapa nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikosesha raha wiki nzima. Nitakuambia nilichokiona. Lakini kwanza univumilie. Unanijua, nikianza habari za chuma siachi upesi.

Mama yako, wakati huo, alikuwa binti anayepima uzito wa watoto kwenye zahanati ya kambi ya wafanyakazi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Georgette, ila miaka ile majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo barabarani aliitwa Ngoie na mbele ya jiko la baba yake aliitwa Georgette. Alikuwa na kigugumizi, kama unavyojua. Neno la kwanza la kila sentensi lilikuwa linamgomea. Akishalipita hilo, mengine yalitoka vizuri, na yalikuwa maneno yenye akili kuliko yangu. Wamama wa kambi walimngoja na watoto wao mizanini, na hakuna aliyemharakisha. Mimi ndiye niliyekuwa namharakisha. Akianza neno, namalizia. Nilidhani namsaidia, na moyoni nilijisifu kwamba nina huruma.

Baba yake, Papa Banza, babu yako ambaye hukumkuta, alikuwa mjane na huyu ndiye binti pekee aliyebaki naye nyumbani. Zamani, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, alikuwa msaidizi wa fundi wa bunduki katika kambi ya jeshi la Wabelgiji waliotutawala. Baadaye kampuni ilimchukua kwenye kazi ya uhunzi hadi alipostaafu. Watu walimheshimu, lakini pia walimcheka kidogo, kwa sababu mzee huyu alikuwa anakusanya singe. Singe ni kile kisu kirefu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Na hakukusanya singe za kawaida, zile hata ukimpa bure alikuwa anakurudishia. Yeye alitaka singe za majaribio tu.

Alinieleza siku ya kwanza nilipokwenda kwake kujaribu bahati yangu, bila wajomba, nimevaa abakosti ya kuazima, ile suti ya miaka ile isiyo na tai. Jeshi likitaka singe mpya, mafundi huko Ulaya hutengeneza kwanza chache, kila moja na umbo lake na namba yake. Zinapelekwa kwa askari wazijaribu. Wachome magunia, wafungue makopo, wakimbie nazo porini, halafu waseme. Inayopendwa hutengenezwa kwa maelfu, na zile nyingine huangamizwa. Sita za namna hiyo zililetwa kambini wakati Papa Banza ni kijana. Yeye ndiye aliyezifungua kutoka kwenye karatasi ya mafuta, moja hadi sita. Majaribio yalipokwisha, ikaja amri ziyeyushwe. Fundi mkuu alizitupa pembeni, akarudi kwao, nazo zikapotea mikononi mwa askari na wake zao.

Papa Banza alizifuata zile singe maisha yake yote. Moja aliikuta kwenye lundo la vyuma vikuukuu vilivyokuwa vinangoja tanuru. Moja ilikuwa kwa mchinja mbuzi. Nyingine ilikuwa ikishikilia mlango wa kanisa usipigwe na upepo, na padri aliitoa kwa sharti aletewe komeo. Hakuwa ananunua. Alikuwa anafua visu vya jikoni kutoka kwenye springi za lori, visu vizuri sana, halafu anabadilishana. Nyumba nyingi za Panda zilikatia mboga kwa visu vyake. Na kwa kuwa miaka ile kukutwa na silaha ya jeshi hakukuwa mchezo, alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali ya zoni, akazionyesha, akapewa karatasi yenye muhuri kwamba ni vyuma butu vya mzee anayependa vya zamani. Karatasi hiyo aliitunza pamoja na cheti chake cha ndoa.

Namba nne ndiyo ilikuwa imemsumbua. Miaka zaidi ya ishirini aliitafuta, na wiki chache kabla sijafika kwake aliipata Mwadingusha, kwenye bwawa, kwa mama mmoja aliyekuwa anageuzia samaki juu ya moshi. Ilimgharimu visu vitatu na siku mbili za maneno. Aliniwekea mkononi. Ilikuwa nyeusi tititi, inanuka samaki, kikingio chake cha mkono kimepinda kidogo kuelekea mbele, na namba nne imepigwa vibaya, imelala upande.

"Angalia iyi," akaniambia. Akachukua nyingine tano, akapitisha kidole chake kidogo kwenye pete ya kila moja, ile pete inayovishwa kwenye mtutu wa bunduki. Kidole kilipita. Alipofika kwenye namba nne, kidole kiligoma. "Unaona? Iyi inakatala. Balitengeneza bunduki moja ya kujaribu, mudomo yake mudogo. Ile bunduki banakatala. Mu dunia yote, labda iyi tu njo inakumbuka kama ile bunduki ilikuwako."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nawaza habari za binti yake.

Naye mzee alijua. Akacheka, akasema, "Kasongo, banasema weye ni fundi wa lime. Fanyia minye sanduku ya hizi sita, kila moja na nafasi yake. Sanduku ikiisha, tutasema ya Georgette. Utaleta banoko zako." Lime ni tupa, na banoko ni wajomba zangu, waje kuposa. Moyo uliniruka, mwanangu. Singe tano nilizipima palepale nikaandika kwenye daftari, na namba nne akanipa niende nayo kwa siku nane, kwa sababu ile ilikuwa na umbo gumu na nafasi yake ilitaka kuchongwa kwa uangalifu.

Sasa ujue sisi watu wa karakana tulikuwa watu wa namna gani. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kipande kilichovunjika cha mashine, kuweka kingine pembeni yake kama mfano, na kukwangua mpaka viwili vifanane. Kipande kisichofanana na mfano kilirudishwa, na wewe ulirudishwa nacho. Miaka mitano mikono yangu ilifundishwa jambo moja, kwamba tofauti ni kosa. Hata nyumbani nilikuwa nanyoosha picha za watu ukutani. Nilikuwa kijana wa kuchosha, nakiri.

Sanduku nilimaliza siku ya tano. Nililitengeneza kwa mbao za mninga, ndani nikaweka kitambaa kizito cha kijani. Lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulioniletea balaa, kwa sababu nilipoiweka ile namba nne ndani yake, nyeusi, inanuka samaki, imepinda, niliona aibu. Nikajiambia huyu baba mkwe atafungua sanduku aone uchafu? Nikafungua daftari. Pete tano zina kipimo kimoja, hii ina pungufu ya unywele mnene. Nikasema fundi wa Ulaya alikosea. Mwanangu, yale maneno ya mzee kuhusu kidole na bunduki ndogo, niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, lakini mikono yangu haikuyasikia.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Niliifunga singe kwenye paja ndani ya suruali ili nipite nayo getini, nikawa natembea mguu mmoja mgumu. Mlinzi akaniuliza, "Kasongo, goti inakuuma?" Nikamwambia inaniuma sana. Akanipa pole na kuniruhusu niache kufagia. Nikaingia, nikaibana ile singe kwenye kibano. Nilianza na msasa, weusi ukatoka, chuma kikaanza kung'aa. Kikingio nikakinyoosha. Ile namba nne iliyolala upande ilinikera, nikaikwangua mpaka pakawa laini. Mwisho nikachukua tupa ya mviringo, nikapanua pete, taratibu, napima, napanua, napima, mpaka ikafanana kabisa na ndugu zake tano. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nilitoka pale nimeridhika kama mtu aliyekula akashiba.

Jumapili baada ya misa nilikwenda na sanduku. Papa Banza alikuwa barazani amevaa shati lake la kanisani, Ngoie amesimama mlangoni. Mzee alilipapasa sanduku kwanza, akasifia viungo vyake. Kisha akafungua.

Aliitoa namba nne, akaipeleka puani, akainusa. Akapitisha dole gumba mahali palipokuwa na namba, akarudia, akarudia tena. Halafu akachukua kidole chake kidogo akakiingiza kwenye pete. Kidole kilipita, kikatokea upande wa pili.

Hapo ndipo nilipokumbuka kila neno alilokuwa ameniambia. Nilitamani ardhi inimeze.

Machozi yalimtoka yule mzee na hakuyafuta. Sikuwahi kumwona mwanaume wa umri ule akilia mchana mbele ya mgeni. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ni kazi ya muzuri, Kasongo. Mukono yako ni ya fundi kweli. Lakini iyi chuma haikukuomba kintu." Akairudisha mezani, nje ya sanduku, akaingia ndani.

Ngoie akanisogelea. Akafungua mdomo, neno likagoma kama kawaida yake, akawa anahangaika nalo. Nami, kwa aibu yangu na kwa mazoea yangu, nikamkatiza, "Nayua, unataka nitoke. Natoka." Akafunga mdomo. Akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Wiki mbili sikula vizuri. Kazini niliharibu vipande viwili na msimamizi akaniuliza kama nina malaria. Nilimpenda mama yako, mwanangu, nakuambia wazi, maana wakati ule sikumwambia mtu. Kila jioni king'ora cha kampuni kikilia nilikuwa nawaza kwamba naye anatoka zahanati, anarudi nyumbani kwa mzee niliyemtoa machozi. Mwishoni nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kifundi vilevile. Nitaongeza chuma ndani ya pete kwa kulehemu, nitakwangua mpaka iwe ndogo tena, nitapiga namba nne upya, nitaipaka masizi.

Nilikwenda kumweleza. Papa Banza alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, alitikisa tu kichwa.

"Utanifanyia ya uongo juu ya ile uliharibu," akasema. "Hapana, mutoto yangu. Ile imeenda." Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Ile siku, Georgette alitaka kukuambia nini?"

Nikajibu alitaka niondoke.

"Alikuambia?"

Ikabidi niseme hapana.

"Minye naonaka," akasema. "Mutoto anaanza neno, weye unamaliza. Anaanza ingine, unamaliza. Bote banaona weye ni muntu ya muzuri, unamusaidia. Lakini hata siku moja hauyue yeye alitaka kusema nini. Unayua ya kwako tu." Akamwita binti yake, akamkalisha mbele yangu. "Mwambie. Na weye, Kasongo, funga kinywa."

Ngoie akaanza. Neno likagoma. Mwanangu, sijui kama ilikuwa dakika moja au tatu. Nilikuwa na maneno kumi tayari ulimini, yote mazuri, yote yanafaa. Niliuma midomo. Nilishika magoti yangu mawili. Nje lori la kampuni lilipita, vumbi likaingia, likatulia, na yeye bado anahangaika, uso umejaa jasho, na mzee amekaa ametulia tuli kama mtu anayengoja maji yachemke. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni muda wote huo, bila kutafuta neno la kumpa. Nikaona kwamba hakuwa na shida hata kidogo. Alikuwa anafanya kazi yake tu, na atafika.

Akafika. "N-nilitaka kukuambia urudie kesho. Papa hakukuwa na kasirani. Alikuwa na huzuni tu. Na minye... minye nilitaka urudie."

Nililia mimi sasa. Ilikuwa zamu yangu.

Papa Banza alinyanyuka, akachukua ile namba nne iliyong'aa, akanipa. "Iyi haiwezi kurudi mu sanduku, juu si namba ine tena. Ni yako. Uitundike mu nyumba yako. Huyu mutoto pia, Mungu alimupigia namba yake, imelala upande kidogo. Weye usiifute na lime. Sasa enda, lete banoko zako."

Tukaoana. Sanduku lilikaa kwa mzee na singe tano na nafasi moja tupu hadi kufa kwake, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ukweli, lakini jina langu hakulitaja. Alisema tu kijana mmoja alikosea. Miaka mibaya ya uporaji ilipokuja, watu wakavunja nyumba za wenzao, sanduku, ambalo lilikuwa limehamia kwetu, lilichukuliwa na zile tano zikaenda. Hakuna aliyeigusa ile ya ukutani kwetu. Waliona ni kisu kinachong'aa tu.

Ulikua ukiiona pale na ukadhani ni pambo. Sasa nikuambie matumizi yake. Siku nikijisahau, nikaanza kummalizia mama yako maneno yake, au kumwambia bukari, ugali wetu, inasongwa hivi, kitambaa kinafungwa hivi, yeye hakugombana. Aliitoa ukutani, akaileta, akaiweka pembeni ya sahani yangu, akakaa kula. Nami nilikula kimya. Miaka thelathini na kitu, mwanangu, ile singe ilikula na mimi mara nyingi kuliko wajomba zako wote. Ninyi watoto mlikuwa mnaulizana baba anataka kukata nini.

Hospitalini, siku yake ya mwisho, alifungua mdomo. Nilijua ni neno la kuagana, nilikuwa nalo tayari kooni. Nikangoja. Nesi alitaka kuingia nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Ilichukua muda mrefu kuliko siku zote. Kisha mama yako akaniambia, "K-Kasongo, umekula?" Ningemmalizia, nisingelisikia neno hilo, na ndilo ninaloishi nalo hadi leo.

Basi, nasaha yangu ni hii. Jumapili mchumba wako alizungumza nami Kifaransa, kwa heshima, kile Kifaransa cha watu wa Mwadingusha alikokulia, na wewe ukamsahihisha mara tatu mezani kwangu. Mara ya nne alipotaka kusema alikutazama kwanza wewe, kisha akaamua kunyamaza. Niliijua ile sura, nimeishaiona mlangoni kwa Papa Banza. Usimnyooshe binti wa watu afanane na mifano uliyonayo kichwani. Mtu akikuletea kitu usichokielewa umbo lake, muulize kabla hujashika tupa, kwa sababu chuma ukishakiondoa hakuna fundi wa kukirudisha, na mimi nilikuwa fundi mzuri. Na akiwa anatafuta neno, mngoje. Mikono yako iweke magotini.

Ukitazama ukutani utaona msumari mtupu. Usiitafute. Jana mchumba wako alipita hapa na mama yake mdogo kunisalimia, nikampa yeye singe, nikamweleza inavyotumika. Alicheka sana. Halafu alitaka kunishukuru, akatafuta neno, nami nikangoja.

Mungu awape nyumba ambayo kila mtu anamaliza maneno yake mwenyewe. Awape watoto wenye namba zao, hata zikilala upande. Na siku utakapokaa kula ukaikuta namba nne pembeni ya sahani yako, mwanangu, akujalie kula kimya, na baadaye umuulize alikuwa anataka kusema nini.